Fimbo Moja, Matabano Mawili: Jinsi ya Kuamua Kanuni za Silaha na Uganga Zinapogongana Mezani

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mvua ikipiga mabati hapa Migosi, Kisumu, hadi tukawa tunaongea kwa kupaza sauti, mchezo wetu wa Dungeons & Dragons, ule wa kusimulia hadithi kwa karatasi na dadu, ulisimama dakika arobaini kwa ajili ya fimbo. Si fimbo ya kushika, ni ya kwenye karatasi: fimbo ya mdruidi, yaani mganga wa msituni, anayechezwa na mwalimu mmoja wa hisabati, mtu asiyekubali jibu mpaka aonyeshwe njia. Alikuwa ameitabania Shillelagh, neno la uganga la kuipa fimbo nguvu. Mchawi wetu, ambaye ni shemeji yangu, akataka kuongeza Magic Weapon juu yake, neno jingine la uganga, ili ipate ile +1 kwenye dadu ya kumpata adui na kwenye madhara.

"Refa, niandikie +1 yangu," Mwalimu akasema.

"Ngoja kwanza nisome, Mwalimu."

"Usome nini? Matabano mawili, fimbo moja. Jumlisha."

Nikasoma. Hayakujumlika. Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba kama shemeji angetangulia yeye, yangejumlika bila neno. Fimbo ile ile, matabano yale yale, ila zamu zimebadilishana. Usiku huo, stima ilipopotea na wengine wakawa wanasubiri boda za kurudi nyumbani, nilianza kuandika hatua hizi nyuma ya daftari kwa mwanga wa simu.

Maneno mawili matatu kabla hatujaanza. Refa ni yule anayesimulia hadithi na kutoa uamuzi. Tabano ni neno la uganga analolisoma mchawi, kasisi au mdruidi, na kutabana ni kulisoma. Neno hilo tulilichagua makusudi. Zamani tulikuwa tunasema "kuroga", mpaka mama wa nyumba ya pili akamwuliza mke wangu, kwa upole sana, ni kwa nini kila Jumamosi watu wazima wanakaa dirisha wazi wakipanga nani wamroge.

Mifano yangu ni ya Dungeons & Dragons toleo la tano, kanuni za 2014. Ndizo wengi wetu tunazo, kwa kuwa Januari 2023 kanuni zake za msingi ziliachiliwa bure chini ya leseni ya Creative Commons: unazipakua kwenye simu, unachapisha saiba kurasa unazohitaji, basi. Kanuni za 2024 zimebadilisha mambo kadhaa, na nitayataja pale yanapouma.

Kama hujawahi kucheza, usiogope. Ugomvi wenyewe unaujua tayari. Mkenya aliyecheza kadi shuleni anajua kinachotokea mtu akitupa mbili, wa pili akaweka tatu juu yake, halafu wa tatu akauliza: nakula mbili, tatu, au tano? Kila mtaa una jibu lake, na kila mtaa unaapa kwamba jibu lake ndilo la asili. Tofauti ni kwamba kadi hazina kitabu. Huu mchezo unacho, na kitabu chake kimechagua maneno kwa uangalifu kuliko tunavyokisoma.

Hatua ya kwanza: soma kanuni zote mbili kwa sauti

Inachosha, najua. Lakini usikubali mtu akusimulie kanuni kutoka kichwani. Watu hukumbuka picha, hawakumbuki maneno. Mwalimu alikumbuka fimbo inayong'aa; hakukumbuka kwamba Shillelagh inasema silaha hiyo inakuwa ya uganga, kama haikuwa hivyo tayari. Shemeji alikumbuka +1. Hakukumbuka kwamba Magic Weapon inakutaka uguse silaha isiyo ya uganga.

Shika kalamu, upigie mstari vitu vinne: kinachotakiwa kuwepo kabla, mahali kanuni inapofanya kazi, muda wake, na nambari. Wachezaji hukimbilia nambari. Ugomvi hulala kwenye hivyo vingine vitatu.

Hakikisheni pia kwamba mnasoma toleo moja. Siku moja tulibishana robo saa juu ya Divine Smite ya paladini, yule askari wa dini, mmoja akisema inatumia tendo la ziada (ile nafasi ndogo ya kutenda juu ya tendo la kawaida la zamu) na ni tabano kabisa, mwingine akisema ni nguvu tu inayolipuka ukishampata adui na haihitaji tendo lolote. Wote walikuwa wanasoma vizuri. Mmoja alikuwa na 2024, mwingine 2014.

Hatua ya pili: uliza hiki ni kitu gani kwa kanuni, wala si kwa macho

Hapa ndipo penye uhondo, na ndipo nitakapokaa.

Ukutani kwangu kuna karatasi yenye vyumba vinne: shambulio la karibu la silaha, shambulio la mbali la silaha, shambulio la karibu la tabano, shambulio la mbali la tabano. Karibu kila mara mtu anapotupa dadu ya pande ishirini ili ampige adui, pigo lake linaingia katika chumba kimojawapo. Nguvu nyingi za wahusika zimefungiwa chumba chake. Ukijua chumba, umeshamaliza kesi kabla haijaenda mbali.

Chukua Flame Blade. Mdruidi anatabana, upanga wa moto unatokea mkononi, na kitabu kinasema waziwazi kwamba umbo lake linafanana na jambia lililopinda. Kila mchezaji mgeni huona upanga. Lakini endelea kusoma: unapopiga nao, unafanya shambulio la karibu la tabano, na likipata linatoa 3d6 za moto, yaani jumla ya dadu tatu za pande sita. Haijaandikwa popote kwamba ni silaha. Kwa hiyo ukiwa na nguvu inayodai shambulio la silaha, haikusaidii. Mpiganaji anayepiga mara mbili kwa tendo la kushambulia hapigi nao mara mbili, kwa sababu upanga huo una tendo lake lenyewe. Wala huwezi kuupaka Magic Weapon, maana tabano hilo linatafuta silaha na hapa hamna silaha, kuna moto wenye umbo.

Spiritual Weapon ni mtego uleule, tena mbaya zaidi kwa sababu neno "silaha" limo hadi kwenye jina. Jina si kanuni. Mapigo yake ni mashambulizi ya karibu ya tabano.

Sasa linganisha na Shadow Blade, tabano lililokuja baadaye katika toleo hilohilo. Nalo linatengeneza upanga, wa kivuli. Lakini maelezo yake yanatamka kwamba upanga huo unahesabiwa kuwa silaha rahisi ya karibu na kwamba unajua kuitumia. Sentensi hiyo moja inafungua milango yote ambayo Flame Blade imefungiwa. Kwa macho, mmoja ni wa moto na mwingine wa giza. Kwa kanuni, wa giza ni silaha na wa moto siyo, na tofauti hiyo kaileta mwandishi kwa kuandika "unahesabiwa".

Kinachowachanganya watu kupita hapo ni kwamba aina ya shambulio na aina ya silaha ni maswali mawili. Kishoka ni silaha ya karibu. Ukikirusha, shambulio linakuwa la mbali, lakini chenyewe kinabaki silaha ya karibu. Sufuria ukimrushia mtu haigeuki kombeo. Kutokana na hilo:

Mpiganaji mwenye mtindo wa Archery anapata +2 kwa silaha za mbali. Akirusha kishoka, hapati. Shambulio ni la mbali, silaha siyo.

Paladini akitaka Divine Smite ya 2014, anahitaji shambulio la karibu la silaha. Akiurusha mkuki, hapati. Hapa silaha ni ya karibu lakini shambulio ni la mbali. Yaani umekosa kwa sababu iliyo kinyume kabisa na ya juu.

Mjanja mwenye Sneak Attack, lile pigo la kuvizia, anahitaji silaha ya mbali au silaha yenye sifa ya wepesi wa ustadi. Kisu kina sifa hiyo, kwa hiyo anachoma nacho au anakirusha, vyote sawa. Kishoka hakina. Mchezaji wetu mmoja alibeba vishoka viwili kwa miezi kabla hajagundua kwamba kisu kimoja cha bei rahisi kingemfanyia kazi bora.

Na ngumi? Ngumi ni kituko. Kwa kanuni za 2014, kupiga mtu ngumi ni shambulio la karibu la silaha, ingawa ngumi yenyewe si silaha. Ndiyo, soma tena. Kwa hiyo Magic Weapon haishiki kwenye ngumi. Kuhusu Divine Smite kwa ngumi, waliotengeneza mchezo walipoulizwa walijibu hapana, kwa sababu maelezo yake yanataja madhara ya silaha. Kanuni za 2024 zimeruhusu. Mimi mezani kwangu niliruhusu kabla ya 2024, kwa sababu paladini akiacha upanga ili apige ngumi, amejiadhibu vya kutosha.

Hatua ya tatu: nani alitangulia?

Turudi kwa fimbo. Sasa una maneno yote ya kuamua.

Magic Weapon ina sharti la mwanzo: iguswe silaha isiyo ya uganga. Sharti hilo linaangaliwa wakati wa kutabana. Kama Shillelagh ilishatangulia, fimbo tayari ni ya uganga, kwa hiyo sharti limekufa na tabano halishiki. Ndivyo ilivyokuwa siku ya mvua.

Geuza. Shemeji aguse fimbo kavu kwanza. Sasa ni silaha ya uganga yenye +1. Mwalimu atabane Shillelagh. Je, Shillelagh inakataza silaha ya uganga? Haikatazi. Inasema tu kwamba fimbo itakuwa ya uganga "kama haikuwa hivyo tayari", na maneno hayo yanaonyesha kwamba walioandika walishafikiria fimbo ambayo tayari ni ya uganga. Yanashika yote mawili.

Hesabu ya Mwalimu, mdruidi wa leveli ya tano: Nguvu zake ni 10, yaani hazimpi kitu, na Hekima ni 18, yaani +4. Ujuzi wake ni +3. Bila tabano lolote, fimbo kwa mkono mmoja inampa +3 kwenye dadu ya kupata, na madhara ya 1d6. Kwa Shillelagh peke yake anatumia Hekima: +7, na 1d8+4. Kwa mpangilio sahihi wa matabano mawili: +8, na 1d8+5. Nilimwandikia hivyo kwenye karatasi, mstari kwa mstari, akanyamaza. Kwa mtu kama yeye kunyamaza ni kukubali.

Kwa vitendo, muda ndio unaokupa mpangilio. Magic Weapon inakaa hadi saa nzima, mradi mchawi ashike umakini, yaani akili yake isilitoke tabano hilo. Shillelagh inakaa dakika moja, ambayo ni raundi kumi. Kwa hiyo la saa linatabaniwa nje ya mlango, la dakika linatabaniwa mlango ukishavunjwa. Dakika ikiisha, mdruidi anarudia lake bila kumsumbua mchawi. Lakini mchawi akipigwa na umakini ukamtoka katikati ya vita, +1 inaondoka na hawezi kuirudisha, kwa sababu Shillelagh bado inaishi kwenye fimbo. Kumbuka hilo, tutarudi kwake.

Mnaotumia 2024, kesi hii haiwahusu: Shillelagh mpya haisemi tena kwamba fimbo inakuwa ya uganga, kwa hiyo anayetangulia si kitu. Na kwa leveli ya tano dadu yake ni d10, si d8.

Hatua ya nne: yanajumlika au yanafunikana?

Kanuni yenyewe ni fupi. Matabano tofauti hujumlika yakiwa hai kwa pamoja. Tabano lile lile likitabaniwa mara mbili halijumliki. Lililo na nguvu zaidi ndilo linalohesabiwa. Makasisi wawili wakikubariki kwa Bless, unatupa d4 moja, si mbili. Bless na Magic Weapon kwa pamoja, unapata d4 na +1, kwa sababu hayo ni majina mawili.

Kuna breki mbili za kukumbuka. Breki ya kwanza ni umakini: mtu mmoja anashika tabano moja tu la aina hiyo. Bless na Magic Weapon yote yanataka umakini, kwa hiyo lazima yatoke kwa watu wawili. Wachezaji husahau hili mara nyingi kuliko kanuni nyingine yoyote, na refa ndiye wa kuuliza: "Umakini wako uko wapi?" Breki ya pili ni tendo la ziada. Ukitabana kwa tendo la ziada, katika zamu hiyo tendo lako la kawaida linaruhusiwa tabano dogo tu, lile lisilolipiwa. Magic Weapon ni ya tendo la ziada. Shemeji akishaitabana, Fire Bolt anaweza, Fireball asubiri zamu ijayo. Hapo huwa kuna manung'uniko.

Ile hali ya kutupa dadu mbili na kuchukua kubwa, au kuchukua ndogo, yenyewe haijumliki hata kidogo. Sababu moja ya kukusaidia dhidi ya sababu tatu za kukuumiza: zinafutana zote, unatupa dadu moja. Watu huona si haki. Ndivyo ilivyoandikwa.

Wanaocheza Pathfinder toleo la pili, la 2019, wana njia nadhifu zaidi, na nakiri nawaonea wivu. Kule nyongeza yenyewe hubeba aina: ya hali, ya kifaa, au ya hadhi. Za aina moja hazijumliki, unachukua kubwa. Za aina tofauti zinajumlika. Tabano la kuipa silaha +1 hutoa nyongeza ya kifaa, kwa hiyo upanga ambao tayari una +1 ya kifaa haupati kitu kwenye dadu ya kupata. Nani alitangulia nani halina nafasi hapo.

Hatua ya tano: mahususi hushinda jumla

Kitabu chenyewe kinasema hivi mwanzoni, na kila mtu anainukuu, hasa anayeshindwa. Maana yake ni kwamba kanuni ndogo inayotaja jambo lako kwa jina inaipiku kanuni kubwa inayozungumzia mambo yote. Haina maana kwamba nguvu yako ni ya kipekee kwa hiyo inashinda.

Mfano mzuri ni Haste, tabano la kumharakisha mtu. Mpiganaji wa leveli ya tano akitumia tendo la kushambulia, anapiga mara mbili. Haste inampa tendo jingine, nalo anaweza kushambulia. Kwa hiyo nne? Hapana. Haste inaongeza maneno: shambulio moja la silaha tu. Maneno hayo yanaifunga ile kanuni ya jumla ya kupiga mara mbili. Jumla yake ni mapigo matatu.

Hatua ya sita: hesabu mikono

Kasisi mwenye rungu na ngao hana mkono. Cure Wounds, tabano la kuponya, inataka ishara ya mkono lakini haitaki kifaa, kwa hiyo lazima aweke rungu chini au alichomeke kiunoni kwanza. Bless inataka ishara na kifaa, na kama alama takatifu imechorwa kwenye ngao, mkono uleule wa ngao unatosha. Kwa maneno mengine tabano lenye masharti zaidi ndilo rahisi zaidi kwake. Usinitafutie mantiki.

Hatua ya saba: madhara yagawe kwa aina kabla ya kuyapunguza

Kwenye kampeni yetu yule mtu anayegeuka mbwa mwitu tumemfanya fisi-mtu, maana fisi akicheka usiku kila mmoja wetu anajua anavyotisha. Nambari ni zile zile za kitabu: madhara ya kukata, kuchoma na kugonga hayampati kabisa, ila silaha ikiwa ya uganga au ya fedha.

Paladini wetu alimkata kwa upanga wa kawaida, akalipia Divine Smite ya leveli ya kwanza. Dadu: kukata 9, mwanga 11. Mchezaji akasema ishirini. Mwingine akasema sifuri, maana upanga si wa uganga. Wote wamekosea, kwa sababu wamechanganya vyungu viwili. Chungu cha kukata: fisi-mtu hapatikani nacho, sifuri. Chungu cha mwanga: hana kinga nacho, 11 zote zinaingia. Pigo lilipata, madhara ya aina moja yakakwama, ya aina nyingine yakapita.

Dadu ya pande ishirini ikionyesha 20, dadu zote za madhara zinarudufishwa, zikiwemo za Smite na za Sneak Attack, lakini nyongeza za nambari hazirudufishwi. Paladini mwenye +4 za Nguvu, upanga mrefu mkono mmoja wenye Magic Weapon, akimpiga mfu aliyefufuka kwa Smite ya leveli ya kwanza: dadu za kawaida ni d8 moja ya upanga, mbili za Smite, moja zaidi kwa kuwa ni mfu. Nne. Zikirudufishwa ni nane, kisha +4 na +1 mara moja: 8d8+5. Siku hiyo tuliazima dadu hadi kwa mtoto wa jirani mwenye ludo, na za ludo zina pande sita, kwa hiyo hazikusaidia kitu.

Adui akiwa na uvumilivu wa aina fulani, gawanya chungu hicho kwa mbili, shusha chini: 17 inakuwa 8. Akiwa na sababu mbili za uvumilivu wa aina moja, bado ni nusu, si robo. Kugawanya huja mwisho, baada ya kuongeza na kutoa kwingine kote.

Hatua ya nane: kanuni zikinyamaza

Kwanza hakikisha kweli zimenyamaza. Tabano hufanya lilichoandikiwa, basi. Kila kundi jipya hunijia na Heat Metal: "Refa, tuuchemshe upanga wetu wenyewe, halafu tumpige nao adui aungue." Chuma kilichotoka kwenye moto wa fundi wa jua kali kinaunguza, hilo hakuna anayebisha. Lakini tabano linasema anayegusana na chuma hicho anapata 2d8 wakati wa kutabana, na tena kila unapotumia tendo la ziada zamu zinazofuata. Halisemi lolote kuhusu kupiga mtu nacho. Anayeushika muda wote ni nani? Ni mwenzako. Kwa hiyo ataungua yeye. Nikishaeleza hivyo wazo hufa lenyewe.

Zikinyamaza kweli, refa anaamua papo hapo, kwa dakika mbili, na mchezo unaendelea. Nina desturi moja: uamuzi wa shaka naupeleka upande wa mchezaji siku hiyo, halafu tunaufungua tena baada ya mchezo, chai ikiwa mezani. Uamuzi wa mwisho unaingia daftarini kwa tarehe, kanuni mbili zilizogongana, na sababu kwa mstari mmoja. Sababu ndiyo muhimu. Bila sababu, mwezi wa nane mtu atakuja na kesi inayofanana na utatoa hukumu nyingine, na Mwalimu atakumbuka.

Mapambano ya fisi-mtu yalitukuta tukiwa tumejipanga. Nje ya pango, shemeji aligusa fimbo: Magic Weapon. Mlangoni, Mwalimu akatabana lake. +8, 1d8+5, kila kitu sawa. Raundi ya pili fisi akamrukia shemeji, madhara saba. Sharti la kulinda umakini ni 10 au nusu ya madhara, iliyo kubwa, kwa hiyo 10. Akatupa 6, na +1 ya mwili wake. Umakini ukatoka, +1 ikazimika.

"Tabana tena," Mwalimu akamwambia.

"Haiwezekani," nikasema. "Fimbo bado ina Shillelagh."

Mwalimu akalivuta daftari langu, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa kidole kama anasahihisha mtihani. Kisha akauliza, "Shillelagh inaisha nikifanya nini?"

"Dakika ikiisha. Au ukitabana tena. Au ukiiachilia fimbo."

"Kuiachilia ni tendo?"

"Si tendo."

"Naidondosha," akasema. "Shemeji, iguse ikiwa hapo chini. Zamu yangu ikifika naiokota na kutabana upya."

Nikapitia hatua zote nikitafuta pa kumkatalia. Sikupata. Nikaandika tarehe.